Koti la Kwenda Iringa

Kadi iliingia kwenye simu yangu asubuhi, nikiwa nimepiga goti juu ya robota la mitumba pale sokoni Mwanjelwa, nakata kamba zake kwa kisu. Ilikuwa na picha ya kikombe cha misa na zabibu. Chini yake lilikuwapo jina la binti yangu, siku ya komunio yake ya kwanza, na mahali pa sherehe: nyumbani kwa babu yake, Iringa, baada ya misa. Mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo zilizolala ubavu, ulisema: "Mavazi: smart casual."

Niliruka chini nikampelekea simu mzee mwenye kibanda.

"Nimetumiwa kadi," nilisema. "Kadi kabisa, mzee. Si kuambiwa kwa mdomo."

Mzee huyo ni mfanyabiashara wa Kiislamu. Babu zake walitoka pwani, yeye alizaliwa hapa hapa Mbeya. Siku za kawaida huvaa shati lililonyooshwa na kofia, Ijumaa huongeza koti juu ya kanzu, na sijawahi kumwona amekosea. Alivaa miwani, akaisogeza kadi kwa kidole mpaka mstari wa mwisho, akaguna.

"Smati kazuali," alisema, kwa matamshi yetu ya sokoni. "Neno baya hili. Mtu akikwambia suti, umejua. Akikwambia kanzu, umejua. Huyu anakwambia: njoo tu, sisi tutakutazama halafu tutasema."

Hakuwa anatania, na mimi sikucheka. Alijua ninachokitaka Iringa.

Binti yangu ana miaka kumi na hajawahi kulala chini ya paa langu hata siku moja. Mama yake aliolewa na mtu mwingine, yuko Dodoma, na wakati ule alikuwa amejifungua juzi tu, hakuweza kusafiri. Mtoto amelelewa na babu na bibi yake. Mimi ni sauti ya Jumapili jioni kwenye simu. Ananiuliza maswali mengi: kwa nini ndege haianguki, Mbeya kuna tembo, nguo za mitumba zilivaliwa na nani. Nilikuwa nimemwomba babu yake, kila mwaka, mtoto aje kwangu wiki chache za likizo ya Desemba, anijue kama mtu. Kila mwaka mzee alikataa. Safari hii hakukataa. Alisema, "Njoo kwenye komunio, nikuone. Halafu tutazungumza habari ya Desemba." Akakata simu.

Nikuone. Neno hilo ndilo lililoninyima raha, kwa sababu alikwisha kuniona mara moja.

Ilikuwa Mgololo, wakati ule yeye akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi na mimi nikiwa kibarua wa kupakia magogo. Nilikwenda nyumbani kwake kujitambulisha, peke yangu, bila mshenga, bila mtu mzima wa kunisemea, na binti yake tayari alikuwa mjamzito. Nilivaa jinzi iliyokatwa magotini na fulana ya waridi, ambayo niliichagua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mpya kuliko zote nilizokuwa nazo. Kifuani ilikuwa na maandishi ya Kiingereza. Mzee alikuwa amekaa kibarazani. Alinisoma kama mtu anavyosoma tangazo ukutani.

"Unajua fulana yako inasema nini?"

"Hapana, mzee."

"Inasema wewe ni bibi harusi mtarajiwa."

Waliokuwa ndani walicheka mpaka mtu akaangusha sufuria. Yeye hakucheka. Alisema, "Siku ukija tena kwangu, uje umevaa kama mtu anayejua anakokwenda." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Angeubamiza ningejisikia vizuri zaidi.

Kweli sikujua nilikokwenda. Niliacha shule darasa la sita, nikapanda juu ya lori la mpunga kule Ubaruku kwa sababu tu nilitaka kuona linakofika. Tangu hapo nimekuwa hivyo. Nimefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa, nimekuwa utingo, nimepakia magogo, nimechoma matofali. Kila mahali nilitaka kujua kitu kinavyofanya kazi, na nikishajua, miguu inaanza kuwasha. Lakini baada ya fulana ile sikuvaa tena neno nisilolielewa. Nilitafuta kamusi chakavu, na mpaka leo Kiingereza changu chote kimetoka vifuani mwa watu. Najua kusema mfanyakazi bora wa mwezi. Najua kusema nimekimbia kwa ajili ya wagonjwa wa moyo. Najua kusema usinisemeshe kabla sijanywa kahawa.

Kibandani nimekuwa mtu wa kuvalisha wengine. Mteja akija, simuulizi saizi kwanza, namuuliza anakwenda wapi. Kijana wa chuo anakwenda kwenye usaili: shati la buluu hafifu, suruali ya kitambaa, na asiguse jinzi hata kama amemwona bosi wa kampuni ameivaa mtandaoni. Bosi amekwisha kuajiriwa. Mkulima wa kutoka milimani anataka koti la msiba: zito, la rangi ya giza, lenye mifuko ya kuingiza mikono yote, maana atakaa nje kwenye baridi na wenzake. Mjumbe wa kikao cha harusi anataka fulana yenye kola na suruali ya kadeti, aonekane ana heshima lakini asionekane ndiye atakayebeba gharama. Mwalimu anayekwenda kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, namvalisha koti bila tai. Koti ni lile lile. Ukilivaa na suruali yake ni suti, ukilivaa na jinzi nyeusi ni kikao, ukilivaa juu ya kanzu ni Ijumaa.

Kwa wengine naona upesi. Kwangu sikuona kitu. Nilijaribu shati jeupe na tai, mzee wa kibandani akatikisa kichwa.

"Hapo umekuwa bwana harusi. Mtoto anapokea komunio, wewe huoi."

Nilijaribu jinzi na shati la mistari.

"Hapo umekuwa dereva amepumzika."

"Sasa baba anavaa nini, mzee?"

Alifikiri. Ana watoto wengi, wakubwa wote, wengine wana maduka. "Mimi sijawahi kuvaa ili niwe baba," alisema. "Walinikuta nimekaa pale pale." Kisha akaona uso wangu, akaharakisha, "Fungua lile robota la pembeni. Nasikia lina makoti."

Lilikuwamo. Koti la buluu nzito, bila mkunjo, mabega yake yakakaa juu ya mabega yangu kama yalipimwa. Tatizo lilikuwa mfuko wa kifuani. Ulikuwa umeshonewa nembo ya shule ya huko Ulaya: ngao, kitabu, na maneno ya lugha ambayo hata kamusi yangu haikuijua, herufi nyingine nyuzi zimekatika. Niliitoa kwa wembe, mshono mmoja mmoja, nikashika pumzi. Ilitoka salama. Lakini pale ilipokuwa, kitambaa hakikuwa kimepigwa jua, kikabaki na umbo la ngao jeusi zaidi ya koti lote.

"Hapa patakusema," mzee alisema, akipasugua kwa kidole gumba. "Weka leso."

"Leso mfukoni ni bwana harusi. Umesema mwenyewe."

"Basi tembea haraka."

Nembo sikuitupa. Niliiweka kwenye pochi. Nilitaka kujua maneno yale yanasema nini.

Mwezi wa sita baridi ya nyanda za juu haina mchezo. Nilipanda basi la alfajiri nimevaa sweta na suruali ya kazini, koti likiwa ndani ya mfuko wa nailoni, limening'inia karibu na dirisha. Kila aliyepita na mzigo nilimwangalia kama mwizi. Makambako upepo uliingia, watu wakafunga madirisha. Mafinga tulikaa nyuma ya msururu wa malori ya mbao mpaka nikaanza kusimama na kukaa, kusimama na kukaa. Mama mmoja akaniambia, "Kaka, hata ukisimama basi haliongezi mwendo." Misa ilikuwa imeanza. Nilijua kanisani sitawahi tena. Nilibakiwa na sherehe tu.

Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, nilishuka nikaingia kwenye bafu la kulipia kubadili nguo. Sakafu ilikuwa na maji. Nilisimama kwa mguu mmoja juu ya kiatu cha zamani, nikaingiza mguu mwingine kwenye suruali ya kadeti rangi ya mchanga, huku ncha nimeiuma kwa meno isiguse chini. Shati la buluu hafifu, kifungo cha juu wazi. Soksi zinazofanana na suruali. Viatu vya moka vya kahawia nilivyovipaka rangi jana yake, na mkanda wa kahawia ile ile. Mtu akagonga mlango.

"Wewe humo ndani! Unaoga au unazaliwa?"

"Namalizia!"

"Malizia, sisi wengine tuna haja ndogo."

Nilipotoka na koti, yule mtu akasogea pembeni akaniambia samahani, mzee. Alikuwa mkubwa kuliko mimi. Nilifurahi kidogo, na furaha ile ikanitisha.

Bodaboda ilipanda mlima kuelekea mjini, mimi nimejifunga ule mfuko wa nailoni magotini kuzuia vumbi.

"Bosi, unakwenda kuoa?"

"Hapana."

"Mahakamani?"

"Sherehe ya mtoto."

"Wa kwako?"

Nilisema ndiyo, lakini upepo ulichukua neno. Aliuliza tena. Sikurudia.

Nyumba ilikuwa na maturubai mawili uani, spika mbili, viti vya plastiki, na harufu ya pilau. Getini alisimama mdogo wake mama wa mtoto, ambaye mtoto humwita mama mdogo. Ndiye aliyenitumia kadi. Alinitazama kuanzia moka mpaka kola, akarudi tena chini.

"Kamwene, afisa kilimo," alisema. "Umekuja kutuletea mbolea?"

"Kamwene, shemeji."

"Shemeji wa nani?" Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono kuelekea turubai la pili. "Kaa kule. Kwa wageni."

Hapo ndipo nilipoiona sare. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge cha zambarau chenye ndege wa njano, gauni la mikono mipana. Nilidhani ni chake tu. Kisha akapita bibi wa mtoto na gauni la kitenge kile kile. Mjomba mmoja alikuwa na shati lake. Vijana waliokuwa wakibeba soda, vifua vyao vilikuwa na ndege wale wale. Hata kichanga mgongoni mwa msichana kilikuwa kimefungwa kilemba cha zambarau. Chini ya turubai la kwanza ukoo mzima ulikuwa umekaa ndani ya kitambaa kimoja. Chini ya la pili, wageni: majirani, walimu, watu wa jumuiya, kila mtu na koti lake, kila mtu na gauni lake la kuchagua. Smati kazuali.

Ndugu hatumiwi kadi. Ndugu hupigiwa simu mapema, anaambiwa kitambaa ni hiki, fundi ni yule, usichelewe kupima. Kadi ni ya jirani na mtu wa kazini. Nimelijua jambo hilo maisha yangu yote, kama kila mtu wa huku anavyolijua. Lakini ilikuwa miaka mingi sijawahi kuwa ndugu wa mtu kwenye sherehe yoyote, na ile kadi ilipoingia kwenye simu niliishangilia kama mjinga. Nilitumia wiki nzima kutafuta namna ya kuvaa sawasawa, na kila nilivyopatia ndivyo nilivyozidi kufanana na mgeni.

Nilikaa. Kiti kilikuwa safu ya tatu, kati ya mwalimu mstaafu na mwenye duka la mtaani. Kutoka pale niliweza kumwona binti yangu. Alikaa meza ya mbele, gauni jeupe, taji la maua ya plastiki limemwinamia upande mmoja. Alikuwa mrefu kuliko kwenye picha. Aliniona. Mkono wake uliinuka kidogo kutoka kwenye paja, vidole viwili tu, kisha akageuka kumtazama babu yake kuona kama ameonekana.

Mzee alianza kupita kwa wageni kusalimia. Alikuwa amekonda, shati la ndege wa njano limemzidi mabegani, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule. Nilivuta koti chini. Nilifunga kifungo kimoja, nikakifungua. Alipofika safu yetu nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefika."

"Nimefika. Barabara ilitukalisha, misa nimeikosa."

Aliangalia viatu, mkanda, shati. Nilijua anavyoangalia, maana mimi nafanya hivyo kila siku na wateja. Kisha mkono wake ukaja polepole ukagusa mfuko wa kifuani, palepale.

"Hapa palikuwa na nini?"

Mwalimu mstaafu aligeuka. Mwenye duka akaacha kutafuna. Ningeweza kusema palikuwa na kalamu iliyovuja, ningeweza kusema fundi alikosea.

"Nembo ya shule, mzee."

"Shule gani?"

"Sijui. Koti ni la mtumba. Maneno yake nimejaribu kuyasoma, nimeshindwa."

"Jamani, kumbe mwenzetu bado mwanafunzi!" alisema mwenye duka, na safu nzima ikacheka. "Uko la ngapi sasa?"

"Niliishia la sita," nilisema.

"Basi vumilia, umebakiza moja tu!"

Walicheka tena. Mzee hakucheka, kama ambavyo hakucheka Mgololo. "Hiyo nembo umeitupa?"

Nilitoa pochi, nikamkabidhi. Aliishika mbali na macho, akaigeuza, akakagua hata upande wa nyuzi. Nilidhani atanirudishia. Aliitia kwenye mfuko wa shati lake, akamsalimia mwalimu, akaenda zake. Sikujua kama nimefaulu au nimefukuzwa.

Chakula kililetwa. Sikuisikia ladha yake. Nilikuwa nahesabu maana ya kila kitu: mama mdogo amemnong'oneza nini bibi, kwa nini mzee ameangalia saa, kwa nini mtoto amekatazwa kuja kunisalimia, au hakukatazwa, anaogopa tu? Nilijiambia nikae vizuri, nisile kwa pupa, nisipige simu, nisubiri kuitwa. Ndivyo mgeni mwenye adabu anavyofanya. Nikiitwa, nitakwenda. Mzee atanivuta pembeni, tutazungumza habari ya Desemba.

Ikaja zamu ya keki. Mshereheshaji, kijana wa kukodi kutoka mjini mwenye viatu vyeupe na sauti ya redio, alimsimamisha binti yangu mbele akampa uma. Mtoto alimlisha babu. Watu wakapiga vigelegele. Akamlisha bibi. Akamlisha mama mdogo, aliyepanua mdomo kwa madaha mpaka wote wakacheka. Kisha yule kijana, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, akainua kipaza sauti.

"Na sasaaa, keki ya baba! Baba mzazi wa mtoto yuko wapi? Baba, jitokeze!"

Muziki ukapunguzwa kumsubiri baba.

Turubai la kwanza lilinyamaza lote. Ndege wa njano wote wakawa hawatikisiki. Mama mdogo alianza kutembea kuelekea kwa mshereheshaji, haraka lakini akitabasamu, kama mtu anayekwenda kufunga bomba linalovuja mbele ya watu. Bibi aliangalia mapaja yake. Mzee aliangalia meza. Hakuniangalia. Nilimngoja aniangalie. Binti yangu alikuwa amesimama na kipande cha keki kwenye uma, krimu inaanza kuteleza, macho yake kwenye safu ya tatu.

Mgeni hasimami. Hilo nalijua. Nimewavalisha watu wa kila namna kwa kujua nani anasimama na nani anakaa. Na mwenye nyumba alikuwa hajaniita. Mama mdogo alikwisha kumfikia mshereheshaji, nikaona midomo yake ikisema "endelea na mjomba." Nikaelewa kwamba nikikaa nitakuwa nimevaa sawasawa, nimekula vizuri, nitaaga kwa heshima, na nitapanda basi. Na mwakani nitatumiwa kadi nyingine.

Nilisimama. Miguu ya kiti ilikuwa imezama udongoni, kiti kikaanguka nyuma yangu kwa kishindo.

"Nipo," nilisema. Sauti ilitoka ndogo. "Nipo hapa."

Kutoka safu ya tatu mpaka mbele si mbali, lakini nilipita katikati ya watu wanaokunja miguu kunipisha na kuniangalia mgongoni. Mama mdogo alinipokea njiani.

"Nani kakuita?" alisema, bado anatabasamu kwa ajili ya watu.

"Ameuliza baba yuko wapi, shemeji. Nimejibu."

Nilifika mbele ya mtoto. Hakunilisha. Aligeuka.

"Babu, nimpe?"

Mzee aliutazama ule uma mpaka mshereheshaji akaanza kukohoa kwenye kipaza sauti.

"Keki inaanguka," mzee alisema hatimaye. "Mpe."

Alinipa. Nusu iliingia mdomoni, nusu iliangukia kwenye koti. Vigelegele vilianza mahali fulani nyuma, kwa wageni nadhani, vikapokewa na vingine. Binti yangu aliweka uma chini akaanza kunipangusa kwa vidole, kwa bidii, kama mtu anayesafisha dirisha. Vidole vyake vikasimama kwenye mfuko.

"Hapa mbona peusi?" aliuliza. "Palikuwa na nini?"

"Nembo. Babu anayo."

Akageuka tena. "Babu, nione."

Baadaye, watu walipoanza kutawanyika, mzee alinisindikiza mpaka getini. Kwa desturi hilo ni jema, mgeni anasindikizwa. Kwa hiyo nilitembea naye nikihofu kwamba bado mimi ni mgeni.

"Kadi nilisema mimi upelekewe," alisema.

"Nilielewa nilipofika."

"Kitambaa chako kilikuwepo. Nilisema kisikatwe kwanza."

Niliwatazama ndege wa njano kwenye shati lake.

"Nilidhani utakaa mpaka mwisho, ule pilau, uage."

"Nilikuwa karibu kukaa, mzee."

"Niliona." Alifungua geti, hakutoka. "Desemba simwachi aje peke yake."

Nilitazama moka zangu. Vumbi jekundu lilikuwa limezishika zote mbili, kazi yote ya jana imekwisha.

"Tutakuja wawili," aliendelea. "Nataka nione chumba, nione choo, nione majirani. Nisipopenda, narudi naye siku ile ile."

"Sawa, mzee."

"Na usinivalie koti. Nimeshaliona."

"Na ile nembo?"

"Hiyo imechukuliwa. Anasema kesho anampelekea mwalimu amsomee maneno. Amenisumbua mchana kutwa." Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, usoni. "Huo usumbufu sijui kautoa wapi."

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Mwalimu alishindwa, akampeleka kwa paroko, na paroko alisema ni Kilatini lakini kimekatika, hawezi kuapa. Kila Jumapili tunabahatisha maana kwenye simu, yeye na mimi. Sijahama chumba tangu Juni, na miguu imewasha mara nyingi. Nimeingiza kitanda cha pili. Mlango wa choo tumeutengeneza na majirani, baada ya kugombana wiki mbili nani atafute bawaba. Mzee wa kibandani ananiuliza kila siku, akirudisha miwani mfukoni, Desemba utavaa nini.

Nguo bado sijachagua. Kila ninayoishika naiona ni ya kwenda mahali, na safari hii wanaokuja ni wao.